Usingoje Tumbo Likusemee

Nakumbuka Jumatatu moja ya msimu wa tumbaku, mwanangu, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili na kiburi cha kutosha watu wawili. Nilikuwa kibarua kwenye ghala moja hapa Mpanda. Ah, ghala lile! Hadi leo nikisikia harufu ya tumbaku iliyokaushwa narudi kwenye mkeka wetu, wanawake kumi tukichambua majani, Wakonongo, Wafipa, Wasukuma, kila mmoja na wimbo wa kwao, na mchana sinia moja la ugali na dagaa wa Karema.

Msimu ule bosi wetu, Bwana Salvatory, alikuwa anatafuta karani wa mizani. Nilijua kusoma na kuandika, nikaitamani nafasi ile. Lakini nilikuwa na mimba ya miezi minne. Nikajiambia, akijua nimeikosa. Basi nikajifunga khanga mbili, nikabeba mitumba ya tumbaku kama wengine. Nilimwambia rafiki yangu Tatu peke yake. Siri ikishapata mdomo wa pili, mwanangu, imeota miguu.

Jumatatu hiyo nilikuwa juu ya rundo, mtumba begani, kizunguzungu kikanishika. Kuanguka sikukumbuki. Nilizinduka sakafuni, kichwa kwenye mapaja ya Bi Kalunde, mkubwa wetu kwa umri pale ghalani. Alizifungua khanga zangu moja baada ya nyingine. Kisha akaniuliza taratibu:

"Binti, mtoto unamfunga kama mzigo?"

"Naogopa kupoteza kazi, bibi."

"Mficha uchi hazai. Kazi utapata nyingine. Na huyu je?"

Nililazwa hospitali siku tatu bila kujua kama mtoto atabaki. Alibaki. Ni mtu mzima sasa, analima kule kijijini Litapunga, lakini siku zile tatu bado ninazo kifuani.

Nilipotoka nilikwenda kwa Bwana Salvatory. Hakunigombeza. Alivua kofia.

"Habari hizi nilizisikia kwa watu wiki mbili zilizopita," akasema. "Nikangoja uje mwenyewe. Hukuja, nikadhani ni umbea, nikaendelea kukupandisha kwenye rundo. Na karani nilikuwa nimekuchagua wewe. Kazi ya mizani mtu anaifanya amekaa."

Nafasi alikuwa ameshampa mwingine nilipokuwa kitandani, kwani wakulima walikuwa wanangoja kupimiwa. Na yeye alikosea, tusimpambe. Angeweza kuniita akaniuliza. Lakini aliniweka kwenye kuchambua tu, na nilipojifungua nikarudi kazini. Mizani sikuishika kamwe.

Sasa nyie wa leo, mnaofanya kazi madukani Shanwe, mashuleni, maofisini, mnaniuliza mseme lini. Wiki za mwanzo ni zako na mwenzio na muuguzi wa kliniki. Hakuna anayekudai habari hizo. Ila kama kazi yako ni ya kubeba, au ya dawa za shamba, au ya kusimama kutwa, usihesabu miezi. Sema ukishapimwa. Kama ni kazi ya kukaa, ngoja hali itulie, lakini tumbo lisitangulie mdomo wako. Na bosi asikie kwako kabla ya kusikia kwa shoga yako. Mfuate mchana akiwa ametulia, umwambie unatarajia lini na nani ataweza kukushikia kazi. Peleka na barua, ubaki na nakala. Sheria ya sasa inakupa likizo ya uzazi, nayo inataka utoe taarifa mapema, waulize wanaojua. Wapo mabosi watakaonuna, sikufichi. Mwenye kununa atanuna hata ukichelewa, na wewe utakuwa umeshaumia bure.

Haraka haraka haina baraka, ni kweli, lakini kuna kuchelewa kusikokuwa na baraka vilevile.

Mungu akulinde, mwanangu, wewe na huyo unayembeba. Akupe mdomo wa kusema kwa wakati wake na bosi mwenye masikio. Ujifungue salama, na mikono yako ishike mtoto na ishike kazi.