Niliandika "No" mara kumi na mbili: clearance ya serikali ilivyonishinda hapa Doha, hata nikiwa na wakili

Wakuu, salamu kutoka Doha. Nianze na aibu yangu mapema, msije mkaichimbua wenyewe huko chini kwenye comments.

Mimi, mtu mzima mwenye cheti cha form four na alama nzuri ya Kiingereza, nilijaza fomu ya serikali yenye maswali kumi na mbili. Nikajibu "No" mara kumi na mbili. Sikusoma swali hata moja mpaka mwisho.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Palipo na ujinga wangu nimeuacha ulivyo. Nilichobadilisha ni majina tu, kwa sababu wengine tunalala chumba kimoja na wana data.

Mimi ni mlinzi. Mwaka wa nne sasa nasimama kwenye lobby ya hoteli moja West Bay, nawaambia watu "welcome" kwa sauti ambayo mke wangu hajawahi kuisikia.

Nje ya hapo ni mtu wa chumbani. Siku ya off wenzangu wanaenda kupigwa picha baharini. Mimi napiga pasi, nachemsha chai, narudi kitandani. Tunakaa jengo la kampuni huku Al Thumama, ndege zinatupita juu ya paa kutwa nzima. Huo ndio utalii wangu.

Sasa, miezi kadhaa iliyopita tukaambiwa mkataba wa hoteli unaisha. Lakini kampuni imepata site mpya, jengo la serikali, na wanahitaji watu kumi na tano wa control room.

Control room, wakuu. Unakaa. Kwenye kiti. AC inakupulizia, unaangalia screen, shift inaisha. Niliona kama kazi hiyo ilitengenezwa na mtu aliyekuwa na picha yangu mezani.

Shida ni moja. Kuingia huko lazima upate clearance, yaani serikali ikuchunguze mpaka iridhike huna doa. Ukipata, unahamia site mpya. Ukikosa, mkataba wa hoteli ukiisha unakatiwa tiketi ya kurudi kwenu. Hakuna katikati.

Mama Brayo, mke wangu, nilimwambia siku hiyo hiyo. Huo nao ulikuwa ujinga, tutaufikia.

Supervisor wetu, Mghana mmoja mwenye haraka ya kudumu, alileta fomu tukiwa tunakula chakula cha mchana. Akasema anazitaka kabla ya basi la saa tisa.

Wale mmefanya kazi Gulf mnajua tunavyojaza fomu. Kila mtu hajazi yake. Anatafutwa mwenye mwandiko mzuri, wengine wanapanga foleni na ID mkononi kama wako kliniki. Mwenye mwandiko mzuri ni mimi. Wananiita Karani, na mimi kichwa kinavimba, naitika.

"Karani, piga No zote, mimi mambo yangu ni safi," aliniambia Barasa, mtu wa kwetu Webuye, huku akimalizia kuku.

"Hata hujasikia swali."

"Swali la serikali linajulikana. Kama wewe ni mwizi. Piga No."

Nikapiga. Aliyemfuata, No. Wa tatu, No. Kufikia wa kumi mkono ulikuwa unaenda wenyewe. Fomu yangu ilikuwa ya mwisho, basi limeshaanza kupiga honi. No, No, No mpaka chini, nikasaini, nikapeleka. Nilijiona nimefanya kazi ya maana.

Siku mbili baadaye niko kitandani na chai. Kulikuwa na fomu moja tupu iliyobaki, nikawa nimeigeuza kuwa ya kuwekea kikombe. Nikainua kikombe, na pale kwenye alama ya duara ya chai nikasoma swali la tisa.

Liliuliza kama umewahi kuitwa polisi, kuhojiwa au kusaini karatasi yoyote ya ahadi, ndani au nje ya Qatar.

Wakuu, nikakiweka kikombe chini.

Kwa sababu niliwahi. Tena hapa hapa.

Nilipokuwa mwaka wa pili, alikuja roommate mpya anaitwa Otis. Hana ID bado, kwa hiyo hawezi kusajili laini ya simu. Akaniomba nimsindikize dukani tusajili moja kwa jina langu. Kusindikiza mtu kunamaanisha kuvaa viatu. Nikakumbuka nina laini ya ziada kwenye droo, imesajiliwa kwa ID yangu. Nikampa, nikageukia ukutani nikalala.

Otis alikuja kuhamia nchi nyingine. Laini akamwachia mtu, huyo mtu akampa mwingine, na huyo mwingine akaitumia kumtukana mtu WhatsApp, matusi mazito. Aliyetukanwa akaenda polisi. Polisi wakaangalia jina la laini. Jina ni langu.

Nikaitwa kituo kimoja upande wa Al Wakrah. Hiyo ndiyo siku niliyouona huo mji, na sikuona zaidi ya dirisha la teksi. Nikaeleza, wakanisikiliza vizuri tu, wakaniletea karatasi ya Kiarabu nisaini. Sikuuliza imeandikwa nini. Nilisaini kwa mwandiko wangu mzuri nikarudi nyumbani kabla ya saa ya chakula, nikaisahau.

Ndiyo, najua. Karatasi nisiyoweza kuisoma nilisaini. Na niliyoweza kuisoma sikuisoma.

Kulikuwa na dada mmoja wa kwetu, Nduta, binamu ya mke wangu, anayepokea wageni kwenye ofisi ya mawakili. Nilimpigia nikiwa nimekaa sakafuni. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia bora ningekuwa naumwa.

Ndiye aliyeniombea nafasi kwa wakili mmoja Msudani, tumwite Ustadh Hamid. Mtu mpole, wa makamo, anaongea Kiingereza taratibu kama anayepima dawa. Alikubali kunisaidia kwa sababu ya Nduta, sio kwa sababu yangu. Mimi hata kiti nilikalia pembeni tu, na kopi ya fomu yangu kutoka HR mkononi.

Alifuatilia kituoni akapata nakala ya ile karatasi, akanisomea. Ilisema laini ni yangu, mimi ndiye mwenye jukumu nayo, na ninaahidi jambo lile halitarudiwa. Kesi ilishafungwa.

Nikapumua. "Kwa hiyo ni kitu kidogo?"

"Hicho ni kidogo sana," akasema. "Ungeandika Yes na kueleza kwa mistari mitatu, huenda wasingejali. Tatizo ni hii No. Laini waliitumia watu wengine. No umeiandika wewe."

Akasema dawa ni moja, tuwahi kabla hawajaamua. Tuandike barua ya kusahihisha, tueleze ukweli, tuambatanishe nakala ya polisi.

Hapo nikajifanya mjanja. Nikamwambia, "Ustadh, si tuandike tu kwamba Kiingereza kilinipita?"

Akaichukua kopi ya fomu yangu, akaitazama, akanitazama. "Huu mwandiko ni wako?"

"Ndiyo."

"Umejaza fomu ngapi siku hiyo?"

Nikamwambia kumi na tano. Akavua miwani.

"Unataka niiambie serikali kwamba hujui Kiingereza," akasema, "na wana fomu kumi na tano za Kiingereza mezani, kwa mkono wako, hakuna mahali umefuta?"

Nilitamani kucheka. Sikuweza, kwa sababu ndipo nilipoliona jambo lenyewe. Nikisema ukweli kwamba nilijaza bila kusoma, watauliza na hizo nyingine kumi na nne zilisomwa na nani. Nikinyamaza, jina langu liko polisi, wataliona tu. Nilimwomba Ustadh siku moja ya kufikiria. Sikufikiria kitu. Nililala nikitazama mbao za kitanda cha juu.

Kesho yake nikasaini barua. Ilisema ukweli wote.

Barua ilipelekwa na mandoub, yule mtu wa kampuni anayezungusha karatasi zetu ofisi za serikali. Hakufurahi. Na kweli, haikupita wiki, fomu zote kumi na tano zikarudishwa. Kila mtu ajaze upya, kwa mkono wake, mbele ya mtu wa HR.

Wenzangu walinichukia, na siwalaumu. Kuna waliokuwa hawajashika kalamu tangu shule. Mezani wakawa wananipitishia chumvi bila kuniangalia. Lile jina la Karani likaisha siku hiyo, na sikujua nililipenda mpaka lilipokosekana.

Barasa peke yake alikuja. Akasimama mlangoni mwa chumba.

"Sasa nimesoma lile swali," akasema. "Mimi nilishawahi kulala cell Bungoma kwa sababu ya chang'aa. Niandike?"

"Andika, Barasa. Andika kila kitu."

Akaandika Yes, na chini yake mistari miwili ya Kiingereza kibovu ambacho hata mwalimu wa nursery angelia.

Majibu yalitoka tukiwa kazini. Mandoub alisoma majina kwenye lobby, nyuma ya ua kubwa la plastiki la mapambo. Kumi na nne wamepita.

Barasa amepita.

Mimi nikapewa bahasha. Ndani mistari miwili ya Kiarabu. Kuna mgeni akawa anaingia, nikamwambia "welcome" kwa ile sauti yangu.

Ustadh alinisomea barua siku iliyofuata. Ombi limekataliwa. Sababu haikutajwa. Akaomba liangaliwe upya, akaandika vizuri sana, hadi mimi mwenyewe aliponisomea nilijionea huruma. Jibu likaja vile vile, mistari miwili.

Nilimuuliza kama kuna mahali pengine pa kwenda. Kuna mawakili wangenipa matumaini ili nitoke ofisini mwao. Huyu alisema, "Hapana, ndugu yangu. Tumefika mwisho." Akanisindikiza mpaka kwenye lifti. Nduta alikuwa mapokezi, akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Mwisho wa mwezi huu hoteli inakabidhiwa kampuni nyingine. Wenzangu wameanza training. Jana walirudi wakisimulia viti vinavyozunguka, wakaniona, wakabadilisha mazungumzo wakaanza kuongelea mpira. Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko ile ya chumvi.

Mama Brayo hajui. Yeye ameshawaambia wanawake wote wa kanisa kwamba baba Brayo ametoka mlangoni ameingia ofisini. Kila akipiga ananiuliza ofisi itafunguliwa lini. Namwambia bado wanapaka rangi. Wiki ya tatu hii napaka rangi jengo nisilolijua hata mlango wake.

Huwa naishika simu nianze kusema. Nafika "kuna kitu," yeye anasema "nini?", nasema "hapana, mtandao."

Niliyojifunza sio makubwa, na yamekuja nikiwa nimeshachelewa. Laini yenye jina lako usimpe mtu, hata kama anakuhurumisha, hata kama umelala. Karatasi ya lugha usiyoijua omba usomewe kabla ya kusaini, hakuna atakayekupiga. Na fomu ya serikali jaza yako peke yako, polepole, basi liondoke likitaka. Doa dogo ulilolisema mwenyewe wanaweza kulivumilia. Barasa ni shahidi.

Wakili naye mwendee mapema. Mimi nilimpelekea maiti nikamwomba dawa.

Kama kuna aliyekataliwa clearance nchi yoyote ya huku, akaomba tena baadaye akapata, tafadhali aandike hapa, hata mstari mmoja. Nasoma kila comment, sina pa kwenda. Kunicheka pia ruhusa, ila anayecheka kwanza aseme fomu yake ya mwisho ilikuwa na maswali mangapi.

Uzi huu nilimsomea Kigozi kabla ya kuupost. Ni dereva Mganda, jirani yangu wa chumba cha pili, mtu asiyejua kupaka maneno asali. Alisikiliza mpaka mwisho akikata kucha. Nikamuuliza, wewe ungekuwa mimi, mke wako ungemwambia nini?

Akapuliza kucha, akasema: "Ssebo, nyumbani usitaje clearance wala polisi. Sema joto limekushinda. Uongo huo hakuna ofisi itakayouchunguza."