Pindo la Kaptula

Mimi ni mtu wa hasira, na mwaka wetu wa kwanza pale mgodi wa almasi, huku Shinyanga, hakuna kilichoniudhi kama sare ya mume wangu. Kaki yenyewe ilikuwa nzuri, nzito. Lakini kaptula haikuwa na mfuko hata mmoja, na chini ilikatwa tu ikaachwa, nyuzi zikining'inia. Mimi nilifundishwa kushona na masista wa Ushirombo. Mume wa fundi atembee hivyo mbele za watu?

"Iache kama ilivyo," alikuwa akiniambia. Hakusema kwa nini.

Jumapili moja alipokwenda kumjulia hali ndugu yake, nikaikunja pindo, mara mbili, kwa mshono mdogo mdogo. Wiki ile ukingo wa shimo ulikuwa umemwangukia mfanyakazi mmoja akafa, na mimi nilikuwa na hofu. Basi ndani ya pindo nikashonea chembe moja ya ushanga mweupe aliyonipa mama, ili wahenga wamwangalie mume wangu. Masista hawakunifundisha hilo. Jumatatu alivaa gizani, akaenda zake.

Mchana jirani yangu akaja kuomba chumvi. Nikamsimulia kazi yangu ya pindo, kwa majivuno. Akaketi chini.

"Mayu! Unadhani walisahau kukunja? Pindo ni maficho. Askari wa lango wakikuta kitu humo watasema almasi. Ni jela!"

Nilimfunga mtoto mgongoni nikakimbia. King'ora cha kumaliza zamu kililia nikiwa bado njiani.

Langoni wafanyakazi walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja amenyoosha mikono kama msalaba, askari akiwapapasa. Nilisimama nje ya waya. Sijui kwa nini, nikaanza kuangalia mifuko. Mzungu msimamizi alikuwa na minne. Askari miwili, yenye vifungo vya shaba. Waliokuwa mstarini hawakuwa na hata mmoja.

Zamu ya mume wangu ikafika. Vidole vya askari vikashuka hadi kwenye pindo, vikasimama.

"Nini hii?"

Mume wangu akainama kutazama kaptula yake mwenyewe. Kisha akainua macho akaniona. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ni ushanga!" nilipiga kelele. "Shikamoo bwana askari, nimeshona mimi, yeye hajui!"

"Wee mama, nyamaza!"

Akachana kwa wembe. Ushanga ukamdondokea kiganjani, ukametameta juani. Akamwita mzungu. Yule akauinua machoni, akaugeuza, akaugeuza tena. Mume wangu alikuwa bado amenyoosha mikono. Mwishowe mzungu akaona tundu la kupitishia uzi. Akautupa mchangani. Askari akachana pindo la pili, akamsukuma apite.

Tulipofika nyumbani nikalia, nikamwuliza kwa nini hakunieleza.

"Niliona aibu," akasema. "Ningekuambiaje kwamba wananiona mwizi kabla sijaiba?"

Hasira yangu yote ikahama kutoka kwake, ikaenda langoni. Miaka iliyofuata nilimfulia kaptula ile na nyuzi zake, wanawake kisimani wakinicheka kwamba fundi ameshindwa na mume.

Alipoacha kazi nilimshonea suruali yenye mifuko miwili mirefu na pindo pana, nikaipiga pasi mwenyewe. Jumapili akaivaa, tukaenda kanisani. Mlangoni alisimama katekista, akisalimia watu waliokuwa wakiingia mmoja mmoja. Zamu yetu ilipofika, mume wangu akasimama mbele yake, akanyoosha mikono yote miwili, akangoja.

Watu walicheka. Mimi nilimshika mkono mmoja, nikaushusha, nikautia mfukoni.