Salamu Zote Huishia Mlangoni

Saa tatu asubuhi, katika kliniki moja binafsi mjini Kamembe, Rwanda, ng'ambo tu ya mpaka na Bukavu ya Kongo, Joselyne Niyonsenga anasalimia kana kwamba hana kazi nyingine.

"Jambo Maman Véronique. Mulilala muzuri?"

"Tulilala bien, tunashukuru Mungu."

"Na batoto? Na papa yabo? Kule Bukavu bote bazima?"

"Bote bazima, mama yangu."

Haishii hapo. Anauliza habari za mbuzi, za mvua, za foleni ya mpakani, hata za goti la shangazi. Mgeni angedhani ni porojo tu, kumbe kazi imeshaanza.

Joselyne, 41, hupiga picha za ubongo kwa mashine ya MRI, ambayo kwa maneno mepesi ni sumaku kubwa yenye tundu la kulaza mtu. Wagonjwa humwita Maman Photo. Lakini picha si kazi inayomchosha. Kinachomchosha ni ramani.

Nguvu ya sumaku ile inatakiwa iwe sawa kila pembe ya kichwa, nayo haiwi. Hewa iliyomo puani na masikioni huivuruga, na picha ya ubongo hutoka imevutika upande mmoja, kama kitenge kilichoanikwa vibaya. Kwa hiyo kwanza Joselyne hupiga picha mbili zilizopishana kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Tofauti kati yake huonesha nguvu hiyo imepinda wapi na kwa kiasi gani. Hiyo ndiyo ramani. Huisafisha kwenye kompyuta, akifuta chengachenga zote zilizo nje ya ubongo, kisha huitumia kurudisha kila sehemu mahali pake.

"Ramani ni ya kichwa vile kimelala saa ile," anasema. "Kikigeuka kidogo tu, ile ramani inakuwa ya muntu mwingine."

Kwa Véronique Bahizire, anayevusha sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, kutoka Bukavu kuja kuuza Kamembe, jambo hilo si dogo. Ana uvimbe karibu na sehemu ya ubongo inayotoa maneno. Daktari wa upasuaji, Valens Kabera, anataka kujua maneno hayo yamekaa wapi hasa kabla hajashika kisu. "Picha ikikosea kwa sentimita moja," anasema, "naweza kuondoa uvimbe na sauti yake pamoja."

Véronique analijua hilo. "Guerre, ile vita, ilikula duka yangu, ikaniachia kinywa," anasema. "Bakikata kinywa, nitauzisha na nini?"

Alishapigwa picha mara mbili, zikaharibika zote. Mara ya kwanza Joselyne alimuuliza kwa kipaza sauti kama anasikia, naye akaitikia kwa kichwa. Mara ya pili alimshukuru kwa kuvumilia, na Véronique, mama aliyelelewa kwa adabu, akaugeuza uso kuelekea sauti ilikotoka. Utamjibuje mtu umemwangalia pembeni? Sponji zinabana kichwa, lakini adabu ina nguvu kuliko sponji.

Ndipo Joselyne akaamua kuwa, kati ya ramani na picha, hatamsemesha mgonjwa hata neno moja. Uamuzi huo unamuuma, na sababu ni ya zamani.

Alizaliwa Bukavu kwa wazazi Wanyarwanda. Vita vilipowaka mwaka 1996 alikuwa na miaka kumi na miwili. Walivuka kurudi Rwanda kwa miguu, wakatulia Mururu, karibu na Kamembe, anakoishi hadi leo. Njiani mama yake, Mukamusoni, alimsalimia kila askari waliyekutana naye.

"Maman alisema, muntu mwenye umesalimia, inamusumbua kukufanya mubaya," Joselyne anakumbuka. "Tulifika kwa salamu. Sasa mi niko namunyamazia mama mwenye anaogopa, kwenye tundu. Inaniumiza sana."

Hivyo leo salamu zote zimemalizwa mlangoni. Kabla ya kufunga mlango anamshika Véronique mkono.

"Mule ndani hatujuane, Maman. Mi sitakuita, na we usiniite. Tutajuana tena ukitoka."

"Sawa. Ni dharau ya kupatana."

Mashine inaunguruma. Ramani inapigwa. Kisha Véronique anaoneshwa picha za sabuni, viazi na samaki, avitaje moyoni, ili sehemu inayotoa maneno ionekane ikifanya kazi. Joselyne ameuma midomo, mkono wake mbali na kipaza sauti. Anapoiweka ramani juu ya picha mpya, kingo zinakutana. Anavuta pumzi, anakimbilia mlangoni.

"Jambo, Maman Véronique!"

"Jambo! Zile vitu zote nilitaja. Na bei yake nilitaja."

Joselyne anacheka hadi machozi yanamtoka, na si ya kicheko peke yake.

Upasuaji ni wiki ijayo. Picha imetoka vizuri, lakini kisu bado ni kisu, na Joselyne hajifanyi kujua yatakayotokea. Ana mpango mmoja tu. Véronique akipona, Joselyne ataenda sokoni, asimame mbele ya beseni la mama huyo la sambaza, aombe apunguziwe bei.

"Nataka anikatalie," anasema. "Anikatalie na sauti ya juu, bantu bote basikie."