Baba Mkubwa Anaomba Kuingia Kwenye Meseji za Ukoo

Jamani, leo nimelipiza kisasi cha miaka ya tisini na sioni aibu hata kidogo.

Enzi hizo ukoo mzima tulitumia sanduku la posta la baba mkubwa, kwa sababu yeye ndiye aliishi Mpanda mjini. Natembea kwa miguu toka kwetu Kakese kufuata barua, ananiambia, "Hazijafika. Rudi Jumatatu."

Kumbe barua ya mchumba wangu ilishafika. Kaifungua, kawasomea wageni wake, wamecheka wee, ndipo akanipa ikiwa na madoa ya mchuzi.

Sijasahau.

Ndiyo maana siku hizi meseji za ukoo zinapita kwenye kompyuta yangu ndogo, iko juu ya kabati. Kaka ana ya kwake kule Sibwesa, dada ana ya kwake kule Kabungu, zinapelekeana meseji zenyewe. Hakuna wa kati wa kufungua bahasha. Hata mimi siwezi kusoma za wenzangu, maana kila meseji inasafiri imefungwa, anaifungua mwenyewe tu.

Sasa leo mchana nani kaja? Baba mkubwa, na simu mpya mkononi.

"Mwanangu, wote mnaongea huko, mimi tu ndo sipo. Niingize."

Nikampa kiti. Nikampa maji. Nikaigeuzageuza simu yake.

(Kumwingiza ni dakika moja tu.)

"Baba mkubwa," nikamwambia kwa adabu zote, "bado haijakubali. Rudi Jumatatu."

Akanitazama. Amekumbuka, nimeona kabisa. Kaondoka bila kumaliza maji.

Semeni nyie: Jumatatu nimwingize, au nimwambie tena arudi Jumatatu?