Mashemeji wawili waligoma kupishana majini, nusura watuzamishe sote (Mtwara)

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Hiki kisa sikusimuliwa. Nilikuwemo botini, na suruali yangu iliyolowa chumvi ni shahidi.

Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Njombe. Naishi Magomeni ya hapa Mtwara ila shule niliyopangiwa iko ng'ambo, Msangamkuu, kwa hiyo kila siku ya kazi navuka kwa boti ya mashine. Mama yangu kule milimani mpaka leo anadhani namtania.

Sasa pale kuna manahodha wawili, tuwaite Shaibu na Hamisi. Shaibu kamuoa dada yake Hamisi. Ndoa ikaingia mdudu, dada akarudi kwao, mashemeji wakanuniana.

Nchi kavu hawasalimiani. Majini ndiyo balaa: wakikutana uso kwa uso, kila mmoja anakaza mstari wake akisubiri mwenzake apishe. Abiria tulikuwa tunacheka, wengine wanabeti kabisa nani ataogopa kwanza.

Siku hiyo nilipanda ya Shaibu. Jua limewaka, bahari imetulia kama uji uliopoa. Jirani yangu alikuwa dada mmoja, Paskalia, anafanya kazi kwenye tagi, ile boti inayovuta meli kubwa bandarini. Alikuwa off, anakwenda kwenye ubatizo.

Mbele yetu huyoo, Hamisi anakuja.

"Kaka, kata basi," Paskalia akamwambia Shaibu.

"Akate yeye. Mimi niko kwenye njia yangu."

Tukasogeleana mpaka nikaanza kuona meno ya Hamisi. Hapo kicheko kiliisha, wakuu.

Dakika ya mwisho Shaibu akaogopa, akakata kushoto. Hamisi naye akaogopa sekunde ileile, akakata kulia kwake. Chora kwenye karatasi uone: wote wamekwenda upande mmoja!

Paskalia akasimama. "Kulia, Shaibu! Kulia kwako!"

Shaibu akakata kulia kwa nguvu zote. Boti hazikugongana pua, zilikwaruzana ubavu, krrrr, na mama mmoja wa boti ya Hamisi akatumbukia majini na ndoo yake ya vitumbua.

Yule mama ni nani? Ni mama mzazi wa Hamisi. Yaani mkwe wake Shaibu.

Life jacket hana. Kabla Hamisi hajazima mashine, Shaibu alisharuka. Akazama, akaibuka, akamshika mkwewe kwapani huku anamwomba radhi maji yakiwa mdomoni. Tukawavuta wote wawili ndani ya boti yetu.

Bibi alikohoa, akatema maji, akawatazama vijana wake.

"Mlitaka kunizika kwa manuno yenu?"

 Wakawasha mashine, boti zote mbili zikaelekea ufukwe mmoja.

Tulipofika mchangani Paskalia akawaweka chini. Akawaambia sheria ya bahari dunia nzima ni hii: boti mbili za mashine zikija uso kwa uso, kila moja inakata kulia kwake, mapema, ili mwenzako aone. Mnapishana kushoto kwa kushoto.

Hamisi akauliza, "Sasa hapo nani kampisha mwenzake?"

"Wote wawili."

"Na nani kashinda?"

Bibi, anakamua khanga yake, akadakia: "Nimeshinda mimi. Niko hai."

Hata Shaibu alicheka.

Sitawadanganya kwamba wamepatana. Dada bado yuko kwao, na nchi kavu wanasalimiana kwa kidevu tu. Ila majini wakionana kwa mbali, kila mtu anakata kulia bila kuambiwa.

Nilichojifunza: kabla sijapanda boti ngeni namuuliza nahodha, ukikutana na mwenzako uso kwa uso unakata wapi? Akianza kujiumauma, nasubiri nyingine. Bora nichelewe kipindi cha kwanza.

Wa Mikindani, wa Kigamboni, na nyie wa ziwani, huko kwenu manahodha wanapishanaje? Mwageni visa vyenu hapa, nimekaa nasoma.