Siku Jina Langu Lilipofunika Trompeti

Mutoto wangu, iko siku ya Mungu moja, Jumapili, ambayo nikiikumbuka tu, miguu inaanza kucheza yenyewe chini ya meza. Ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya tisini, hapa hapa Kashikishi, kando ya ziwa. Watu walitoka kanisani, na badala ya kurudi nyumbani kula, wakashika njia ya uwanja wa soko, kila mutu na haraka yake, maana orkestra ya jazi ilikuwa imevuka ziwa kutoka Congo. Jazi ya zamani, bwana! Gita tatu, ngoma, saksofoni na trompeti. Wapigaji wote wazee, suti na kofia, na walikuwa wamevuka na mashua moja pamoja na magunia ya unga.

Mimi nilikuwa kijana wa samaki. Nilinunua samaki wakavu Nchelenge nikawauza ng'ambo, ndiyo maana mpaka leo Kiswahili hiki cha Katanga kinanitoka haraka kuliko Kibemba cha mama yangu. Na nilipenda kujulikana, Mungu anisamehe. Nikipita bandarini nilitaka kila mutu aseme: huyo ni Chola.

Lakini aliyeingojea ile orkestra kuliko wote alikuwa papa yangu, baba muzazi. Katika ujana wake alifanya kazi Lubumbashi, na huko alicheza jazi mpaka viatu vikaisha. Sasa alikaa Kafutuma, na masikio yalikuwa yanamuacha. Munganga alimwambia wazi: la kuume limekufa, la kushoto nalo liko njiani. Papa akaniita. "Chola, unipeleke. Kuna sehemu moja ya trompeti, nataka kuisikia tena kabla hili sikio halijafunga." Nikamupakia nyuma ya baiskeli, na koti na kravati yake, jua kali, jasho linamutoka, yeye anacheka tu. Nikamukalisha kwenye benchi la kwanza, sikio la kushoto likielekea wapigaji.

Weee! Walipoanza, mutoto wangu! Gita ya kwanza iliita, ya pili ikajibu, ngoma ikaingia, na uwanja muzima ukasimama. Wamama wa samaki wakakaza vitenge kiunoni. Hata mwalimu mumoja, mutu asiyecheka hata kwenye harusi, nilimuona anatikisa mabega. Nilisikia furaha mpaka nikataka kulia, na sioni haya kukuambia.

Sasa kosa langu. Unajua desturi ya orkestra za Congo: muimbaji anataja jina lako katikati ya wimbo, na siku hiyo weye ni shefu, mukubwa wa wote. Basi asubuhi nilikuwa nimemupelekea muimbaji kikapu cha samaki, nikamwambia, "Papa, usinisahau." Wakati gani anitaje, hilo sikusema. Sikuwaza hata kidogo.

Ikafika ile sehemu. Mupiga trompeti, muzee mumoja jina lake Papa Kalenga, akavua kofia, akafunika nayo mudomo wa trompeti, na sauti ikatoka polepole, nyembamba. Wapiga gita wakapunguza. Papa yangu akainama mbele, mukono nyuma ya sikio, macho amefunga. Ndipo muimbaji akakamata mikro: "Chola! Chola wa Nchelenge! Bwana samaki!" Rafiki zangu wakapiga filimbi na makelele. Na mimi, mujinga wa mwisho, nikaruka katikati ya uwanja, mikono yulu, nikacheza pale mbele ya trompeti mpaka ile sehemu ikaisha.

Nikarudi kwenye benchi natweta. "Papa, umesikia?"

"Jina yako nimesikia muzuri sana, mwana wangu," akasema. "Trompeti sikusikia."

Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Angenipiga kofi ingekuwa nafuu.

Walipopumzika nikamukimbilia Papa Kalenga, nikapiga magoti mbele yake. "Papa, niko na makosa. Urudie ile sehemu, kwa ajili ya muzee wangu. Masikio yake yanafunga."

Akapangusa trompeti, hana haraka. "Mudomo wangu ni nyama, si chuma. Ile sehemu napiga mara moja kwa siku." Akamuangalia papa yangu muda murefu. "Kesho asubuhi tunapanda mashua. Umulete bandarini. Lakini bandari uinyamazishe weye mwenyewe, weye unayependa kelele."

Kunyamazisha bandari ya Kashikishi! Injini zinanguruma, wabebaji wanaitana, wamama wanagombania chisense, wale samaki wadogo, hata kabla hawajashushwa. Asubuhi nilimufikisha papa bandarini, nikakimbia mashua kwa mashua. "Kaka, zima injini kidogo." "Mama yangu, nakuomba, dakika tano tu." Wakanicheka mpaka basi: "Si weye bwana samaki wa jana? Leo hutaki kelele?" Nikaendelea kuomba. Mwishoni mama mumoja munene, muuza chisense, akapanda juu ya sanduku akafokea watu wote: "Mufunge midomo! Muzee anataka kusikia!"

Bandari ikanyamaza. Kweli ikanyamaza, nikasikia maji yanagonga mbao.

Papa Kalenga akasogea karibu na sikio la kushoto la papa yangu, akafunika trompeti kwa kofia, akaanza. Hata mutu mumoja hakukohoa. Papa yangu alisimama wima kabisa. Kisha Papa Kalenga akaondoa kofia, sauti ikafunguka yulu ya ziwa, na papa yangu akapiga ukelele wa furaha, akamukamata mukono yule mama wa chisense, wakacheza juu ya muchanga! Bandari nzima ikapiga makofi na mapaja kwa kufuata mudundo. "Ni ile ile!" papa alisema. "Hawakuiharibu hata kidogo!" Mimi nililia, tena kwa sauti.

Kabla mvua zilizofuata hazijaisha, sikio lile nalo likafunga. Lakini jioni papa alipiga ule wimbo kwa vidole kwenye ukingo wa kiti, na kila alipofika mahali fulani, alisimamisha vidole, akatulia, akatabasamu. Tulijua trompeti imeingia. Sisi wote nyumbani tulinyamaza naye mpaka vidole vianze tena.

Basi mwana wangu, orkestra ikija, uende! Ucheze, utoke jasho, uchoke. Lakini mutu akianza kupiga kitu polepole, ukae. Hiyo simu unayoinua yulu ili uonekane ulikuwako, uishushe. Hujui nani yuko nyuma yako, na hujui kama hiyo ndiyo mara yake ya mwisho. Kama umekwisha kukosea, usikae na haya yako kwenye kona, kimbia ukaombe, hata wakucheke watu wa bandari nzima.

Mungu akuachie masikio yako yote mawili mpaka uzeeni, akupe wazee wa kuwapeleka kwenye muziki, na siku weye utakapoinamisha kichwa usikilize, walio karibu nawe wanyamaze.