Sajini Dorotea na Mkwe Aliyemtoroka kwa Kutambaa

Dorotea ni jirani yangu hapa Igoma, Mwanza. Mumewe, Alexander, anachomelea mageti kando ya barabara ya Musoma, na yeye mwenyewe alikuwa sajini wa tiba jeshini kwa miaka ishirini na miwili. Ukimtazama anavyopepeta mchele uani, huwezi kudhani amewahi kuvuka shamba la mihogo huku akipigwa risasi ili kumtibu mgonjwa ambaye hakutaka kutibiwa naye.

Mgonjwa huyo alikuwa mkwewe. Binti yao Selina aliolewa na Revocatus, koplo, mzaliwa wa Mkolani. Kwenye familia hizi za Kisukuma zinazoshika mila, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawapeani mikono. Revocatus alilishika jambo hilo kuliko hata wazee wenyewe. Akimwona Dorotea barabarani, anaingia kwenye mlango wowote ulio karibu. Siku moja aliingia saluni ya kike, akakaa chini ya mashine ya kukaushia nywele mpaka mama mkwe alipomaliza kununua dagaa.

Basi jeshi, ambalo halina habari na mambo ya ukwe, likawapanga wote wawili kwenye kikosi kimoja cha kulinda amani mashariki mwa Kongo. Kule kambini Revocatus akawa anakula saa tisa alasiri, peke yake, sufuria zikiwa zimeshaoshwa.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, waasi waliishambulia doria yao. Risasi ilimpata Revocatus kwenye tako la kushoto, akaanguka mita sitini mbele ya wenzake, mahali pasipo na kichuguu wala jiwe. Dorotea alikumbatia mkoba wake akatoka mtaroni walimojificha. Alikimbia, akalala, akainuka, akakimbia tena. Risasi ikauchana mkoba, bandeji moja ikajikunjua na kumfuata juu ya matuta.

Revocatus aligeuza shingo aone ni nani anakuja. Alipomtambua, akaanza kutambaa kuelekea kwa adui.

"Koplo, usisogee," Dorotea akasema.

"Shikamoo mama," akajibu bila kugeuka, huku akiendelea kutambaa.

"Marahaba. Tulia hapo."

"Siwezi, mama. Namsubiri Venant."

Venant alikuwa tabibu mwingine wa kikosi.

"Venant yuko likizo, kwao Mabatini."

Revocatus alifikiri kidogo, kisha akasogea mita nyingine mbili. Wapo wanaosimulia kwamba hapo waasi walipunguza moto ili waone mwisho wake. Dorotea anasema hawakupunguza hata kidogo. Udongo ulikuwa ukiruka pande zote, na kila alipoushika mguu wa mkwewe, buti liliteleza kwa damu.

"Revocatus," alimwambia, "ukifa hapa nitamwambia nini Selina? Kwamba umekufa kwa adabu?"

Ndipo akatulia. Alijifunika uso kwa majani ya mihogo, na Dorotea akaichana suruali, akasindilia bandeji ndani ya jeraha, akaweka goti lake juu na kuliegemea kwa uzito wote. Sehemu hiyo haifungiki kwa mkanda wa kuzuia damu. Ukiinua goti, mtu anakwisha. Kwa hiyo alikaa hivyo dakika arobaini, amemkinga kwa mwili wake, wakisubiri gari la deraya.

Kwa kuwa aliamini anakufa, Revocatus akaanza kuungama chini ya majani.

"Mama, siku ile ya posa nilivaa viatu vya kuazima kwa fundi."

"Tunajua. Vilikuwa vya baba Selina. Alikuwa amevipeleka kushonwa."



"Mbona hakusema?"

"Alisema vimekukaa vizuri."

Walipofika kambini, ndipo ikaonekana Dorotea naye ana kipande cha chuma begani. Hakuwa amemwambia mtu. Katika taarifa yake, mkuu wa kikosi aliandika kwamba sajini alionyesha ushujaa wa hali ya juu, na kwamba mgonjwa "alihama mara tatu kwa sababu za kifamilia."

Waliporudi Mwanza, ukoo wa Revocatus uliitisha kikao Mkolani kuamua kama mwiko wa ukwe ulivunjwa. Baba yake mkubwa, mzee Antoni, ndiye aliyeuliza.

"Mama, uliona?"

"Niliona."

"Upande gani?"

"Wa kushoto."

"Na wa kulia?"

"Haukujeruhiwa, mzee. Sikuwa na kazi nao."

Wazee walitoka nje, wakajadiliana saa mbili nzima kama nusu inahesabika. Shangazi mmoja, Sabina, alitaka ipigwe kura. Mwishowe wakarudi na uamuzi: suruali ilikuwa ya serikali, vita vilikuwa vya serikali, hivyo hata kilichoonekana huko ni cha serikali, na ukoo hauna kesi.

Revocatus alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, kwa kuwa kukaa bado kulimshinda. Wazee wakamsifu kwa heshima hiyo.

Chakula kilipoletwa, Dorotea alinyoosha mkono kupokea sahani ya ugali, ikamponyoka. Akapewa nyingine, nayo ikaanguka. Tangu siku ile shambani, mikono yake ilikuwa haishiki kitu vizuri. Selina alisogea, akaketi karibu yake, akamega tonge, akachovya kwenye mchuzi wa samaki sato na kumlisha mama yake taratibu. Wazee wakaendelea kula, wakiongea habari za mvua.